Kabla Hujaandika Nywila

Mfanyabiashara wa Mchikichini siku hizi ana funguo nyingi kuliko zile za kibanda chake pale Karume. Leseni ya biashara anaiomba kwenye mfumo wa TAUSI. Mambo ya kodi yako kwenye mfumo wa TRA, na jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao. Mtoto akimaliza kidato cha sita anaomba mkopo HESLB kupitia OLAMS, na mdogo wa mfanyabiashara mwenyewe, aliyehitimu chuo, anashinda kwenye Ajira Portal. Halafu wapo vijana waliokwenda mbali zaidi, wenye tovuti zao wenyewe za kuuza viatu vya mtumba, mashuka au vipuri vya simu, ambako mteja wa Songea anafungua akaunti, anachagua mzigo na kuacha namba yake ya simu na anwani yake. Kote huko kinachofungua ni kilekile: jina la mtumiaji na nywila.

Sitaki mtu asome hapa akaamua kurudi kwenye karatasi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na Januari 16, 2022 likaungua soko la Karume hapahapa Mchikichini. Mali iliyoteketea watu waliihesabu kwa uchungu, lakini daftari la madeni nalo likiungua, hakuna wa kulihesabu, kwa sababu anayedaiwa ndiye pekee anayekumbuka. Kumbukumbu za biashara kukaa nje ya kibanda, kwenye seva ambayo moto wa Ilala hauifikii, ni jambo jema. Ninachotaka kukiweka sawa ni safari ya nywila kutoka kwenye kidole chako hadi kwenye seva hiyo, maana katikati pana watu na mitambo mingi, na wenye tovuti wengi wanailinda safari hiyo nusu tu.

Chukua biashara unayoijua. Ukituma mzigo Mwanza kwa basi, unapita kwa kuli, kwa wakala, kwa konda, kisha kwa mpokeaji wa stendi. Ukiwa umefungwa kwa kamba tu, yeyote kati yao anaweza kuchungulia, kuchomoa jozi moja ya viatu, au kuingiza kitu kisichokuwa chako, kisha akafunga kamba vilevile. Ukurasa wa tovuti unaoanza na http bila s unasafiri hivyohivyo. Unapita kwenye kisambaza wifi cha duka au hoteli uliyokaa, kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kwenye nyaya za chini ya bahari kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 ikiwa seva iko Ulaya, na mwisho kwenye mitambo ya kampuni inayohifadhi tovuti. Kila kituo kinaweza kusoma kinachopita na kukibadilisha.

Watu wengi hawaamini hili mpaka waone kwa macho, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona. Dukani kwa rafiki yangu tuliweka tovuti ya majaribio ya WordPress bila usimbaji, yaani bila kuyageuza maandishi yasisomeke njiani, tukaunganisha kompyuta mbili kwenye wifi yetu wenyewe, moja ikiingia kwenye tovuti na nyingine ikisikiliza kwa Wireshark, programu ya bure ambayo mafundi wa mitandao huitumia kila siku kutafuta hitilafu. Rafiki yangu akaandika jina na nywila, akabonyeza kuingia. Kwenye kompyuta ya pili, katikati ya mistari ya takwimu, ukatokea mstari mmoja ulioandikwa hivi: log=duka&pwd=Robota2024. Ndivyo fomu ya WordPress inavyotuma, log ni jina na pwd ni nywila, herufi kwa herufi. Zile nukta nyeusi zinazofunika nywila kwenye kioo zinamzuia aliyesimama nyuma yako tu. Huko njiani hazipo.

Tukawasha HTTPS, tukarudia. Safari hii kompyuta ya pili iliona jina la tovuti tunayokwenda, na baada ya hapo alama zisizosomeka, mwanzo hadi mwisho. Jina la tovuti kubaki wazi ni jambo la kulijua: anayesikiliza ataona kwamba umeingia kwenye tovuti fulani, ila hataona ulichoandika wala ulichosoma humo. Onyo moja hapa. Jaribio hili lifanye kwenye vifaa vyako tu. Kunasa mawasiliano ya mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Usimbaji huu ulianzia kwenye kampuni ya Netscape ya Marekani katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la SSL, na mmoja wa walioujenga ni Mmisri, Taher Elgamal. Mwaka 1999 ukaitwa TLS, na toleo linalotakiwa leo ni TLS 1.3 la mwaka 2018, au angalau TLS 1.2 la mwaka 2008. Matoleo ya nyuma ya hapo, 1.0 na 1.1, yalifutwa rasmi Machi 2021. Mafundi bado wanasema "SSL" wakimaanisha TLS, na hakuna ubaya. Ubaya ni seva ambayo bado inakubali matoleo hayo ya zamani.

Sasa nifike kwenye kosa linalonikera kuliko mengine. Mwenye tovuti anaambiwa alinde nywila, naye anaweka HTTPS pale tu fomu inapotumwa, au kwenye ukurasa wa malipo peke yake. Ukurasa wa kwanza, wenye kisanduku cha kuandikia, anauacha kwenye http kwa hoja kwamba hapo bado hakuna siri.

Lililowapata Watunisia linaijibu hoja hiyo. Desemba 2010, baada ya Mohamed Bouazizi, mmachinga wa matunda wa mji wa Sidi Bouzid, kujichoma moto kwa kunyanyaswa na wakubwa wa mji, maandamano yalienea nchi nzima na habari zikawa zinasambazwa kupitia Facebook. Wakati huo ukurasa wa kuingilia Facebook ulifunguka kwa http, ingawa nywila yenyewe ilitumwa ikiwa imesimbwa. Basi huko njiani, ndani ya mitandao ya nchi hiyo, ukurasa ule ukawa unaongezewa mistari michache ya programu kabla haujamfikia mtumiaji. Kazi ya mistari hiyo ilikuwa kunakili jina na nywila mara tu mtu anapoandika, kabla hata ya kutuma. Usimbaji uliokuja baadaye ulikuta wizi umeshafanyika. Januari 2011 Facebook ilijibu kwa kuwapeleka watumiaji wote wa Tunisia kwenye HTTPS tangu ukurasa wa mwanzo, na mwishoni mwa mwezi huohuo ikawafungulia watumiaji wa dunia nzima wanaotaka. Kwa hiyo ukurasa unaobeba kisanduku cha nywila lazima uwe umefika kwa HTTPS wenyewe, na hata ukurasa wenye kiungo cha kukupeleka hapo, maana anayeweza kubadilisha ukurasa anaweza pia kubadilisha kiungo.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni baada ya kuingia. Ukishaandika nywila, tovuti haikuulizi tena kila ukurasa. Inakipa kivinjari chako kuki, kipande kidogo cha maandishi kinachosema huyu tunamfahamu, na kivinjari kinakionyesha kwa seva kila unapobonyeza kitu. Aliye na kuki yako ndiye wewe, nywila haihitaji. Oktoba 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa nyongeza ya kivinjari cha Firefox iitwayo Firesheep. Ukikaa nayo kwenye wifi isiyo na ulinzi, ilikuorodheshea watu waliokuzunguka kwa majina na picha zao, na kwa kubonyeza mara mbili ukawa ndani ya akaunti ya mtu. Alifanya hivyo makusudi, ili kampuni kubwa zilizokuwa zinasimba ukurasa wa kuingia tu na kuacha kurasa nyingine wazi zione aibu. Zilibadilika. Ila tovuti ndogo zilizojengwa nusunusu zipo hadi leo.

Msimamo wangu ni huu: tovuti yenye akaunti za watu iwe HTTPS yote, kila ukurasa, kila picha, kuanzia mteja anapoingia hadi anapotoka. Haina maana kukaa kupanga ukurasa upi una siri na upi hauna.

Zamani gharama ilikuwa kikwazo cha kweli, kwa sababu cheti, ile hati ambayo seva hukionyesha kivinjari ili HTTPS iwake, kilinunuliwa kila mwaka. Desemba 2015 Let's Encrypt, taasisi isiyo ya faida ya Marekani, ilianza kutoa vyeti bure kwa mtu yeyote mwenye domeini, iwe .co.tz au .com. Cheti cha bure kinasimba sawasawa na cha kulipia. Kwa hiyo fundi akikuandikia kwenye ankara gharama ya cheti, muulize ni cheti gani na kwa nini. Kumlipa kwa kazi ya kukiweka na kukiangalia ni haki yake. Kulipia cheti chenyewe kwa duka la viatu, sioni sababu.

Kama umepanga nafasi kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti inayotumia cPanel, tafuta sehemu iitwayo SSL/TLS Status. Mara nyingi kipengele cha AutoSSL kimeshakuwekea cheti na wewe hujui. Kwenye seva yako mwenyewe, programu ya Certbot inaomba cheti, inakiweka, na inapanga kukihuisha yenyewe. Hapo kwenye kuhuisha pashike sana. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na dunia nzima inaelekea kwenye muda mfupi zaidi: Aprili 2025 kampuni za vivinjari na watoa vyeti walikubaliana kwamba ifikapo Machi 2029 hakuna cheti cha tovuti kitakachozidi siku 47. Mtu anayehuisha kwa mkono atasahau tu, na asubuhi moja wateja watakutana na onyo jekundu. Uhuishaji uwe wa kujiendesha, na uweke mtu wa kuutazama mara kwa mara.

Cheti kikishakaa, kazi haijaisha, ingawa wengi huishia hapo. Tovuti sasa inafunguka kwa njia mbili, http na https, na mteja anayeandika jina la duka lako bila kiambishi anaweza kuangukia ya kwanza. Elekeza maombi yote ya http yahamie https kwa kudumu. Kwenye WordPress nenda mipangilio ya jumla, badilisha anwani zote mbili za tovuti zianze na https, na kwenye faili la wp-config.php weka FORCE_SSL_ADMIN iwe true ili ukurasa wa kuingilia na ofisi ya ndani visifunguke kwa njia nyingine. Kisha pitia kurasa zako utafute picha na programu ndogo zinazoitwa bado kwa http. Fundi wa tovuti akikuwekea kitufe kilichotoka kwenye seva isiyosimbwa, ametoboa tundu kwenye ukuta mliomaliza kuujenga.

Kuelekeza nako kuna mwanya, kwa kuwa ombi la kwanza kabisa bado limetoka wazi. Mwaka 2009 Moxie Marlinspike, mtafiti wa usalama wa Marekani, alionyesha jinsi mtu aliye katikati anavyoweza kulidaka ombi hilo, akazungumza na seva kwa https yeye, na mteja akabaki kwenye http bila kujua. Dawa ni agizo liitwalo Strict-Transport-Security, ambalo seva hulituma kwa kivinjari pamoja na ukurasa: kwa muda wa mwaka mmoja, tovuti hii usiifungue kamwe kwa http. Kivinjari kinakumbuka na kutii. Anza na muda mfupi, wa siku chache, mpaka uhakikishe kila kitu kinafanya kazi, maana ukishaliweka la mwaka na cheti kikaharibika, wateja waliokwisha kuja hawataweza kuingia hata wakitaka.

Kuki nazo zipewe alama mbili: Secure, isitumwe bila usimbaji, na HttpOnly, isisomwe na programu za ndani ya ukurasa. Hii ni kazi ya dakika chache kwa anayejua, na unastahili kumuuliza fundi wako kama ameifanya.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuona kwa watu makini. Wanapitisha tovuti yao kwenye huduma ya Cloudflare, wanachagua aina ya usimbaji iitwayo Flexible, na kivinjari kinaonyesha kila kitu ni salama. Lakini aina hiyo inasimba kipande cha kutoka kwa mteja hadi Cloudflare tu, na kutoka hapo hadi kwenye seva yako nywila inasafiri wazi. Weka cheti kwenye seva yako pia, kisha uchague Full (strict). Halafu angalia fundi mwenyewe anaingiaje kurekebisha tovuti. Akitumia FTP ya kawaida kwenye mlango namba 21, nywila ya tovuti nzima inapita bila kusimbwa, hata kama wateja wako wote wako salama. Atumie SFTP. Na barua pepe ya biashara iwekwe kwenye simu kwa mipangilio iliyosimbwa, namba 993 kwa kupokea, 465 au 587 kwa kutuma.

Ukimaliza, ipime tovuti kwa SSL Labs ya kampuni ya Qualys. Ni bure, unaandika jina la tovuti na inakupa alama kama za shule, A hadi F, na inakuonyesha kama seva bado inakubali TLS ya zamani. Wasiwasi kwamba HTTPS inakula bando la mteja hauna msingi mkubwa: mazungumzo ya mwanzo ni kilobaiti chache, chini ya picha moja ndogo ya kiatu. Na TLS 1.3 imepunguza safari za kwenda na kurudi kabla ukurasa haujafunguka, jambo linaloonekana wazi kama seva iko ng'ambo.

Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake, PDPC, inasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Majina, simu na anwani za wateja wako ni taarifa hizo. Duka dogo la mtandaoni nalo linahusika.

Nigeuke sasa kwa msomaji asiye na tovuti, anayeingia tu kwenye za wengine. Wewe una kazi ya kusoma, na inaanza kwenye anwani iliyo juu ya kioo.

Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika kwamba tovuti si salama kila inapokuwa ya http. Ukiona maneno hayo kwenye ukurasa unaotaka nywila, simama hapo. Usiandike hata ya kujaribu. Ila usidhani kwamba kukosekana kwa onyo hilo kunatosha. Tapeli naye anapata cheti bure, kwa dakika chache, kwa ajili ya tovuti yake ya utapeli. Cheti kinathibitisha kwamba unazungumza kwa siri na mwenye jina lile, hakithibitishi kwamba mwenye jina lile ni mtu mwema. Ndiyo maana Septemba 2023 Chrome iliiondoa ile picha ya kufuli tuliyoizoea na kuweka alama nyingine ya kawaida, kwa kuwa watu walikuwa wakiliona kufuli wanatulia, hata kwenye tovuti ya mwizi.

Kwa hiyo soma jina, na ulisome kutoka kulia. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma. Herufi zilizo karibu kabisa na mkwaju huo ndizo mwenye nyumba. Ikiwa ni tra.go.tz, umefika TRA, kwa kuwa majina ya .go.tz ni ya taasisi za serikali. Ikiwa ni tra.go.tz.kitu-kingine.com, mwenyewe ni huyo kitu-kingine, na yale maneno ya mwanzo amejiandikia tu. Vivyo hivyo tra-go-tz.com haihusiani na serikali, kwa sababu vistari si nukta. Kwenye simu anwani inakatwa kwa ufinyu wa kioo, kwa hiyo iguse ili uione yote. Tumeshazoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na watu wengi hawanaswi tena nao. Ujumbe unaokuja na kiungo na tishio kwamba akaunti yako itafungwa leo ni ndugu yake. Usipite kwenye kiungo. Andika anwani mwenyewe, au ihifadhi kwenye kivinjari siku uliyoipata kwa uhakika. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma viripoti TCRA kupitia 15040.

Kivinjari kikikuletea ukurasa mzima wa onyo kwamba muunganisho si wa faragha, na chini yake kuna kiungo kidogo cha kuendelea hivyohivyo, usiendelee kama mbele kuna nywila. Lakini kabla hujamlaumu mwenye tovuti, angalia tarehe ya simu yako. Simu iliyozimika muda mrefu ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma itavikataa vyeti vyote halali. Sababu nyingine ni umri wa simu, na hili linawahusu wanaonunua simu zilizotumika: kuanzia mwishoni mwa Septemba 2024, Android za chini ya toleo la 7.1.1 hazina tena njia ya kuviamini vyeti vya Let's Encrypt kwa orodha zake zenyewe za watoa vyeti. Ukienda kwenye maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, kabla ya kuulizia kamera fungua mipangilio uangalie toleo la Android. Simu ya bei rahisi inayokuzoesha kubonyeza "endelea" kila siku itakugharimu zaidi.

Limebaki jambo ambalo HTTPS haigusi kabisa, nalo ndilo la kawaida kuliko yote mitaani kwetu: steshenari. Mtu hana kompyuta, anakwenda kwa kijana wa steshenari pale jirani na Msimbazi, anafunguliwa akaunti ya BRELA au ya mkopo wa mtoto. Kijana anatunga nywila yeye, mara nyingi ni namba ya simu ya mteja au jina lake na 123, anaiandika kwenye daftari la ofisi ili mteja akisahau aje aulize. Anatumia barua pepe ya ofisi kwa wateja wote. Hana nia mbaya, anasaidia, na foleni ni ndefu. Lakini muunganisho uwe umesimbwa kiasi gani, daftari liko mezani, na barua pepe inayoweza kubadilisha nywila yako si yako.

Mwambie kwa heshima: "Kijana wangu, barua pepe tumia hii ya kwangu, na nywila nitaandika mwenyewe." Kabla ya kuinuka hakikisha umetoka kwenye akaunti kwa kubonyeza kutoka, kufunga dirisha hakutoshi, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukifika nyumbani ibadilishe kwenye simu yako. Na kwa ninyi wenye steshenari, mnafanya kazi kubwa ambayo ofisi nyingi zingepaswa kuifanya. Chomeni daftari hilo. Fungueni dirisha la faragha kwa kila mteja na mlifunge akiinuka, ili kuki zake zifutike.

Pale tovuti inaporuhusu, ongeza hatua ya pili ya uthibitisho. Namba inayokuja kwa ujumbe wa simu ni bora kuliko kutokuwa nayo, ingawa laini inaweza kuhamishwa na tapeli. Programu ya simu inayotoa namba mpya kila baada ya sekunde 30 ni imara zaidi. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Na ukibonyeza "nimesahau nywila" tovuti ikakutumia nywila yako ileile ya zamani, jua kwamba inaitunza bila kuigeuza isisomeke, na yeyote mwenye funguo za seva anaisoma. Huko usiweke nywila unayoitumia popote pengine.

Kama umekuwa ukiingia kwenye tovuti ya http kwa muda, chukulia kwamba nywila ile imeshaonekana. Anza kubadilisha ya barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine, kisha kila mahali ulipotumia inayofanana nayo, na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Mwenye tovuti naye, siku anayowasha HTTPS, afute kuki zote za zamani ili kila mteja aingie upya, na awaombe watunge nywila nyingine. Awaandikie wazi sababu ni nini, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa uleule wa kuingilia, na ujumbe huo usiwe na kiungo.